Msimu Mzima wa Detroit Lions Ukiwa Unguja: Panga Usiku Wako Kwanza

Wengi wanaojaribu kuifuata NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hapa kwetu huacha kabla Novemba haijafika. Ukiwauliza watakwambia mchezo haueleweki: wanasimama kila mara, hujui mpira uko kwa nani, hujui nani kapata. Mimi sikubaliani nao. Sheria unazishika ndani ya wiki mbili tatu ukipata mtu wa kukuelekeza. Kinachowashinda watu ni saa. Jumapili ya kwanza wanakesha mpaka asubuhi, Jumatatu wanasinzia dukani, wiki ya pili vilevile, ya tatu mke anauliza, ya nne basi.

Kwa hiyo tuupange usiku kwanza, mchezo utafuata.

Mie nachoma boflo. Tanuri letu lipo Mlandege. Unga tunakanda baada ya Isha, moto unawashwa usiku wa manane, na alfajiri vijana wa baiskeli wanapakia mikate kwenye matenga kusambaza madukani. Kazi hii inamweka mtu macho wakati Marekani wanacheza, na huko ndiko nilikoingilia. Timu yangu, Detroit Lions, nimeipata kwa dada yangu, kaolewa Windsor, Kanada, mji unaotazamana na Detroit, mto tu katikati. Yeye ndiye aliyeniletea kofia ya buluu yenye picha ya simba. Barazani kwetu kofia hiyo ilizua maneno, maana mtu wa Mlandege kutembea na simba kichwani ni jambo la kujieleza. Nimejieleza, na kofia naivaa.

Saa zao na saa zetu

Msimu wa kawaida una wiki 18, kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Januari. Kila timu inacheza mechi 17 na kupumzika wiki moja. Mtu aliyezoea Ligi Kuu ya Uingereza yenye mechi 38 ataziona chache, na huo ndio unafuu wenyewe: mtu mwenye kazi na watoto anaweza kuiona timu yake mwanzo mwisho.

Detroit wako nyuma yetu kwa saa 7 mpaka mwanzoni mwa Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, sisi hatuna desturi hiyo, basi tofauti inakuwa saa 8 hadi msimu uishe. Mechi za Jumapili zina vipindi vitatu. Septemba na Oktoba, kwa saa zetu, ni saa 2 usiku, saa 5 na kitu usiku, na saa 9:20 usiku wa kuamkia Jumatatu. Kuanzia Novemba ni saa 3 usiku, saa 6 na kitu usiku, na saa 10:20 alfajiri. Mechi yao ya Jumatatu na ile ya Alkhamisi kwa kawaida huanza saa 9:15 usiku wetu, nasi tayari tumeshaingia Jumanne na Ijumaa. Novemba ongeza saa moja.

Hapo kwenye siku ndipo panapopoteza watu. Ukisikia mechi ya Jumatatu usiku, usiiandike Jumatatu. Andika "kuamkia Jumanne". Mimi nina kalenda ya ukutani, zile zinazotolewa na maduka mwisho wa mwaka, na kila mechi naiandika kwa kalamu nyekundu kwenye siku yetu. Simu nayo inakugeuzia saa yenyewe, lakini kalenda ya ukutani inaonwa na nyumba nzima, na mama watoto akiiona mapema hakuna ugomvi.

Kama bado hujachagua timu, tazama ramani kabla hujatazama vikombe. Timu za mashariki na za kati ya Marekani, kama Detroit, Buffalo, Pittsburgh, Baltimore na Chicago, mechi zao nyingi za Jumapili huanza saa 2 au 3 usiku kwetu. Mtu anakula, anaangalia, analala kabla ya saa 7. Za pwani ya magharibi, kama Seattle au zile mbili za Los Angeles, zikicheza nyumbani mara nyingi huanza saa 5 usiku au zaidi. Mapenzi hayachagui, najua, lakini usingizi unachagua.

Kuna adhabu moja nyuma ya hilo. Timu ikiwa nzuri, televisheni zinaitaka usiku wao, ambao kwetu ni alfajiri. Mwaka 2008 Detroit walipoteza mechi zote 16, na timu ya namna ile hakuna anayeihitaji kwenye mechi kubwa za usiku. Tangu kocha Dan Campbell alipofika 2021 mambo yakabadilika polepole: mwaka wake wa kwanza walishinda mechi 3 tu, uliofuata 9, wa 2023 wakashinda 12, wa 2024 wakashinda 15 na kupoteza 2. Na kadiri walivyopanda ndivyo mechi zao zilivyozidi kuhamia saa 9 za usiku. Shabiki wa Unguja akiomba timu yake ishinde ajue na anachokiomba.

Sasa gawa. Mechi za saa 2 na saa 3 usiku ziangalie moja kwa moja, zote. Za saa 5 au 6 usiku chagua zile za wapinzani wakubwa tu. Za alfajiri usikeshe kuzisubiri: lala baada ya Isha, weka kengele, amka. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tano akaamka saa 9 yuko tofauti kabisa na aliyekesha. Kumbuka pia adhana. Septemba, mechi iliyoanza saa 9:20 inafika mapumziko karibu na adhana ya alfajiri, na mapumziko ni dakika 13, kwa hiyo aliye jirani na msikiti anaweza kurudi akakosa kidogo tu. Baada ya Novemba adhana inakuja robo ya kwanza. Simamisha picha, nenda msikitini, ukirudi endelea ulipoachia. Kuangalia mchezo ukiwa nyuma yake kwa nusu saa hakuna dhambi, mradi simu nyingine zimezimwa.

Utaiona wapi

Azam wanatuonesha mpira wetu, huku usiwatafute. Nje ya Marekani, NFL wanauza kifurushi chao kiitwacho Game Pass kupitia DAZN, na humo mna mechi zote, za moja kwa moja na zilizopita. Wenye king'amuzi cha DStv huzikuta baadhi ya mechi kwenye chaneli za ESPN. Tazama ratiba yao ya wiki kabla hujaalika watu. Netflix nao tangu 2024 wanaonesha mechi za Krismasi. Asiye na chochote katika hivyo ana YouTube, ambako ligi yenyewe huweka muhtasari wa kila mechi bure, na huo usiudharau. Dakika kumi na kitu zinakuonesha karibu kila pointi iliyopatikana.

Ndani ya Game Pass kuna kitu ambacho kwangu ndicho kinachoilipia: mechi iliyokatwa vipande, yaani wametoa matangazo na kusimama kote, wakaacha mchezo mtupu wa dakika kama 40. Mechi ya kawaida inapita saa 3. Siku ambayo unga umechelewa kuumuka na sina nafasi ya kukaa, naangalia hiyo saa 2 asubuhi nikishaoga. Shida ni kujificha matokeo. Zima arifa za simu tangu usiku, usiguse WhatsApp, na kama una dada Windsor mwambie asikutumie hata alama ya mshangao.

Kuhusu bando: usiache programu ichague ubora wa picha yenyewe. Shusha mpaka wa chini au wa kati. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti kubwa, na mechi nzima itakula bando dogo kuliko la ubora wa juu. Bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana katika vifurushi vingi, ila soma linaisha saa ngapi, kwani mechi iliyoanza saa 10:20 alfajiri inamalizika saa 1 na nusu asubuhi, na bando la usiku litakuwa limeshakufa robo ya tatu. Chaji simu na betri ya akiba kabla ya Magharibi. Umeme ukikatika wakati wa mechi, mnara wa simu mara nyingi huendelea kufanya kazi, wewe ndiye unayeishiwa.

Simu yangu naiegemeza kwenye kopo la hamira, juu ya rafu, mbali na tanuri. Joto linaua simu.

Nini cha kuangalia

Sheria kwa ufupi, nyingine utazikuta njiani. Wachezaji 11 kwa 11, robo nne za dakika 15. Timu yenye mpira ina nafasi nne, ziitwazo dauni, za kusogea yadi 10, ambazo ni mita 9 na kidogo. Ikisogea, inapewa nne nyingine. Isiposogea, mpira unakwenda kwa mwenzake, ndiyo maana dauni ya nne mara nyingi wanaupiga mbali au wanajaribu kuupitisha kati ya milingoti kwa pointi 3. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na unapewa nafasi ya kuongeza 1 kwa mguu au 2 kwa kucheza tena.

Kijana wangu wa kukanda unga alikuwa akiuliza kila usiku, "Ami, mbona wamesimama tena?" Jibu langu ni kwamba huu ni bao, si kandanda. Kila mmoja anafikiri kete zake ziende wapi, kisha zinatembea kwa sekunde chache, kisha kila mmoja anafikiri upya. Tangu hapo kaacha kulalamika, siku hizi anabashiri.

Na sasa siri kubwa kuliko zote: usiufuate mpira. Kamera inaufuata, huhitaji kuusaidia. Katika Detroit mtazame namba 58, Penei Sewell, jitu katika wale watano wanaosimama mbele kumkinga kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa dauni na kuurusha. Ni mtoto wa kisiwani, kazaliwa Samoa ya Marekani, na hagusi mpira karibu msimu mzima. Sekunde ya kwanza ya kila dauni mwangalie yeye. Akisukuma kwenda mbele, wanataka kukimbia na mpira. Akirudi nyuma mikono juu, kwotabeki wao, Jared Goff, anataka kurusha. Ukijizoesha hilo kwa mechi mbili, utajua kinachokuja kabla mtangazaji hajasema, na mchezo unaacha kuwa fujo. Ukishamzoea Sewell, upande wa ulinzi mtafute namba 97, Aidan Hutchinson, ambaye kazi yake ni kumfikia kwotabeki wa wenzake.

Jumatano hadi Ijumaa soma taarifa ya majeruhi. Ligi inazilazimisha timu zote kuitoa, ikisema nani kafanya mazoezi kamili, nani nusu, nani hakufanya kabisa. Shabiki wa kandanda yetu hajazoea uwazi huo, anategemea minong'ono. Huku ndiko msimu unakovunjikia. Tarehe 13 Oktoba 2024 Detroit waliwapiga Dallas 47 kwa 9 kwao, na kwenye mechi hiyohiyo Hutchinson akavunjika mguu. Nilifurahi ushindi kwa muda mfupi mno. Ulinzi haukuwa uleule tena mpaka mwisho.

Kusoma msimamo

Timu ziko 32, nusu kwa nusu katika makundi mawili makubwa, AFC na NFC, na kila moja lina divisheni nne za timu nne nne. Detroit wako NFC Kaskazini pamoja na Chicago, Green Bay na Minnesota, na kila mmoja wanakutana naye mara mbili. Hizo mechi sita zitie mstari kwenye kalenda. Hakuna kushuka daraja. Anayevuta mkia anapewa zawadi badala ya adhabu: huwa wa kwanza kuchagua wachezaji wapya wa vyuo vikuu mwezi wa Aprili. Niliposema hilo Jaws Corner wazee wa kahawa waliona nawatania.

Mpaka Desemba usihangaike na hesabu za nani anafuzu. Tazama divisheni yako tu. Desemba ikifika, jua haya: kila upande unatoa timu 7 kwenda mchujo wa kuwania ubingwa, washindi wanne wa divisheni na watatu wenye rekodi bora waliobaki, na anayeshika namba 1 pekee ndiye anayepumzika raundi ya kwanza.

Siku moja katikati ya yote haya usiikose, Alkhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya kushukuru. Detroit wanacheza nyumbani kila mwaka siku hiyo, mila iliyoanza 1934, na kwa kuwa huanza mchana wao, kwetu inakuwa saa 2 na nusu au saa 3 usiku. Hiyo ndiyo ya kualikia jamaa. Asiyejua NFL mwite siku hiyo, mpikie, asiitwe saa 9 za usiku akaichukia NFL na wewe mwenyewe.

Januari

Mchujo unaanza katikati ya Januari, na hapo una mgongano na Kombe la Mapinduzi, ambalo fainali yake kwa kawaida inapigwa tarehe 13. Panga. Mwaka 2024 mambo yalinipangikia yenyewe. Jumamosi tarehe 13 Mlandege waliwafunga Simba 1 kwa 0 Amaan na kubaki na kombe. Alfajiri ya Jumatatu, saa 10 na kitu, Detroit wakawakaribisha Los Angeles Rams.

Ukitaka mechi moja ya zamani ya kujifunzia, tafuta hiyo. Matthew Stafford, aliyecheza Detroit miaka 12, alirudi Ford Field, uwanja wa Detroit, na jezi ya Rams. Goff, aliyekuwa wa Rams, alikuwa upande huu, walibadilishwa 2021. Detroit walikuwa hawajashinda mechi ya mchujo tangu Januari 1992. Matokeo 24 kwa 23, na mwisho wake unafundisha kitu: zikiwa zimebaki dakika kama mbili, Goff akamrushia Amon-Ra St. Brown mpira mfupi, akapata yadi 11 na dauni mpya. Rams hawakuwa tena na ruhusa ya kusimamisha saa. Kwa hiyo kwotabeki anapokea mpira, anapiga goti, saa inakwenda, anapiga goti tena. Ligi nzima hakuna goti tamu kuliko hilo. Mikate ilikuwa imeshatoka, baiskeli zimeshaondoka, nami nimekaa juu ya gunia la unga nikipigiwa simu kutoka Windsor na mtu anayelia.

Wiki mbili baadaye, ugenini kwa San Francisco, Detroit walikwenda mapumziko wakiongoza 24 kwa 7 wakapoteza 34 kwa 31. Campbell mara mbili kipindi cha pili aliacha pointi 3 za mguu akacheza dauni ya nne, na mara zote mbili ikagoma. Mabaraza ya huko bado yanabishana. Mimi nasema alifanya alichofanya msimu mzima, na ndicho kilichowafikisha pale. Mwaka uliofuata, wakiwa namba 1, wakatolewa nyumbani na Washington 45 kwa 31. Jitayarishe kwa hayo: mchujo hauna marudiano, ni mechi moja, unarudi nyumbani.

Super Bowl, fainali yao, huchezwa Jumapili ya pili ya Februari, na kwetu huanza saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu. Ya 2027 imepangwa tarehe 14 Februari, uwanja wa SoFi karibu na Los Angeles, na kwa hesabu za mwezi tutakuwa wiki ya mwanzo ya Ramadhani. Tarawehe, usingizi mfupi, kuamka saa 8, na mapumziko yao, ambayo siku hiyo huwa marefu kwa sababu ya muziki, yataangukia saa 10, wakati wa daku kamili. Daku ipikwe kabla, ipashwe tu moto wakati huo. Robo ya tatu itakukuta na maji yako ya mwisho mkononi.

Game Pass ukilipia kwa msimu mzima, angalia kama inajiongeza yenyewe mwaka unaofuata, na kama hutaki, izime mwezi wa Machi kabla hujasahau. Ratiba ya msimu mpya hutoka katikati ya Mei, usiku wao. Asubuhi yake chukua kalenda na kalamu nyekundu, anza na mechi sita za divisheni, kisha Novemba ongeza saa moja kila mahali.